Turathi ya Taifa, Paa Langu

Watu wapitao nje ya lango langu hapa Pangani, Nairobi, wana desturi ya kusimama, wakainua macho hadi kwenye vigae vyekundu vya paa, wakayashusha taratibu hadi kwenye nguzo za varanda, kisha wakanipongeza kwa kuhifadhi turathi yetu. Yetu! Sina ugomvi na mtu anayependa kusema yetu, lakini tangu nihamie hapa sijamwona hata mmoja wao akija na ngazi wakati mvua ya masika inapoanza, ambapo turathi yetu huvuja sebuleni, juu ya kiti changu, na mama watoto huenda kuleta karai letu.

Nyumba yenyewe ni ya miaka ya 1940. Kabla yake palikuwa na kijiji cha Pangani, ambacho kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo, ndipo mtaa ukapimwa upya na familia za Kihindi zikaja kujenga nyumba za mawe yaliyochongwa kwa mkono, zenye varanda mbele na ua nyuma. Mimi niliinunua ikiwa gofu, kwa mkopo wa sacco na kiinua mgongo cha ualimu, wakati wenzangu wa rika wakinunua viwanja Ruiru na Juja, nikaikarabati mpaka ikarudi katika sura yake ya zamani. Shangazi wa mke wangu, ambaye wazazi wake walikuwa miongoni mwa waliohamishwa, huja kila Krismasi, akaketi varandani, akanywa chai, kisha akaniambia bila kupepesa macho, "Mwanangu, hapo ulipoweka kabati ndipo lilipokuwa jiko la nyanya." Mkwe habishiwi, na isitoshe huenda ni kweli. Ninachojua ni kwamba hata yeye, mwenye dai zito kuliko madai yote, hajawahi kuuliza kigae kimoja ni bei gani.

Na vigae ndivyo vinavyonikosesha usingizi. Hivi vyangu vilikuja kwa meli kutoka Mangalore, katika pwani ya magharibi ya India, ambako wamisionari wa Basel walianzisha kiwanda cha vigae mwaka 1865 na wengine wakafuata. Ukikigeuza kimoja utaliona jina la mji limegandamizwa chini yake kwa herufi kubwa, pamoja na vinundu vinavyokishikisha kwenye fito za paa, na pembeni kuna kijifereji kinachoingiana na ukingo wa kigae cha jirani ili maji yakose pa kupenya. Huo ndio uhodari wake na ndio msiba wangu, kwa maana kigae cha siku hizi hupungua au huzidi kwa upana wa kidole, na ukikichomeka katikati ya wazee wale kinakataa kushikana nao, kikabaki kimeinua shavu. Mvua huijua nafasi hiyo kuliko ninavyoijua mimi.

Kwa sababu hiyo nimekuwa mhudhuriaji wa ubomoaji. Nikisikia kwamba nyumba ya zamani inaangushwa Ngara au Parklands ili pajengwe ghorofa, huvaa koti, nikafika mapema, nikasimama karibu na tingatinga na kutikisa kichwa kwa huzuni ya dhati, nikiwalaani wajenzi kwa tamaa yao, kisha nikamvuta msimamizi kando na kumuuliza kwa sauti ya chini vile vigae anaviuzaje. Wenye huzuni ya namna hii tunajuana. Yupo daktari mstaafu ambaye hulilia madirisha, na yupo mama mmoja ambaye hulilia milango ya msaji na si kitu kingine. Tukikutana tunapeana mikono kama wafiwa, huku kila mmoja akimchunga mwenzake asije akamfikia msimamizi kwanza.

Vitu vidogo navyo havina huruma. Bawaba ya mlango wa mbele ilipokatika niliipeleka Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, ambao wanaweza kugonga sanduku la shule likakamilika kabla hujamaliza kusema unachotaka. Fundi aliigeuza mkononi, akaipuliza vumbi, akasema, "Mzee, hii ni ya kupimwa kwenye mizani ya vyuma vikuukuu, lakini kwa sababu ni wewe, ngoja." Aliyonitengenezea ni imara mno, na haitakatika katika maisha yangu wala ya wajukuu wangu, ila tangu siku hiyo mlango haufungiki mpaka uinuliwe kwa goti, na wageni wanaponiona nikifanya hivyo hudhani ni mila ya nyumba za kale.

Fundi wa mawe ni kesi nyingine. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, na ukuta wa chokaa hupumua, yaani unyevu ulioingia kwenye jiwe hutoka polepole kupitia chokaa hewa ikikauka. Ukiuziba kwa simiti, unyevu hukosa mlango wa kutokea, ukarudi ndani, plasta ikavimba na rangi ikaanza kubanduka. Somo hili nimelifundisha kwa kila fundi aliyekanyaga ua wangu, na wote hunisikiliza kwa adabu na kuitikia, "Ni sawa, mzee," lakini nikiingia ndani kutafuta miwani, nikitoka nakuta mfuko wa simiti umekwisha kufunguliwa. Mmoja, ambaye nilimheshimu kwa ukweli wake, aliniambia kwamba anavyojua yeye, chokaa ni ya kupaka miti na vyoo vya shule siku ya mgeni rasmi.

Upande wa mashariki palikuwa na nyumba iliyofanana na yangu. Sasa pana ghorofa, na jua la asubuhi tunalipata karibu na saa sita mchana, kwa hiyo nguo hazikauki na kuvu wa kijani umejistawisha juu ya vigae. Wapangaji wa juu ni watu wema, tatizo lao ni kwamba wanauona ua wangu wote. Siku moja nilikuwa nimezama katika gazeti nikasikia sauti kutoka mbinguni ikisema, "Mzee, sukuma wiki inaungua!" na kweli ilikuwa inaungua. Watoto wao huangusha vibanio vya nguo, mipira na wakati mmoja kiatu cha gamboti, kilichovunja vigae viwili na kubaki humo humo kwenye tundu, hata mvua ikaja ikakikuta kinafanya kazi nzuri kuliko kigae cha kisasa.

Halafu kuna kodi ya ardhi. Hapa jijini hukadiriwa kwa thamani ya kiwanja peke yake, bila kujali kilichosimama juu yake, maana yake mimi na mwenye ghorofa tuna viwanja vya ukubwa mmoja na kodi ya kiasi kimoja. Yeye huigawa kwa wapangaji wake. Mimi mpangaji wangu ni paka, tena hakuandikiana mkataba na mtu. Nilikwenda katika ofisi fulani mjini kuuliza kama turathi yetu ina msamaha wowote, na karani akaniuliza kama nyumba imetangazwa rasmi, kwa kuwa Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inampa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kulindwa kwa notisi katika Gazeti la Serikali. Yangu haijatangazwa. Kwa hiyo ni turathi barabarani, na ni kiwanja cha kawaida dirishani kwa karani. Wala sina hakika kwamba naitaka notisi hiyo, maana jengo lililotangazwa halibadilishwi bila kibali. Kipande House ya mwaka 1913, pale Kenyatta Avenue, inaistahimili heshima ya namna hiyo kwa sababu ndani yake mna benki. Ndani ya hii mna mwalimu mstaafu.

Madalali siwachukii, kwa kuwa ndio watu pekee wasionipongeza. Dalali haangalii vigae hata kidogo. Huitazama hewa iliyo juu ya paa, akahesabu orofa ambazo hazipo, kisha akaniuliza, "Mzee, pesa zote hizi unazikalia hivi hivi?" Mama watoto huwaandalia chai na mandazi, jambo linalonitia wasiwasi.

Wanaonimaliza ni maharusi. Jumamosi gari husimama, wakashuka bi harusi, bwana harusi, wasimamizi waliovaa zambarau, na mpiga picha ambaye huniomba kwa upole niondoke varandani kwa kuwa kiti changu kinaharibu mandhari. Mmoja alitaka pia karai liondolewe, nikamshauri asubiri wingu lile lipite kwanza. Huahidi kunitumia picha, wakasahau. Hatimaye mama watoto aliandika sharti kwa mkono wake na kulibandika langoni: anayetaka kupiga picha ya harusi alete kigae kimoja cha zamani, kizima, kisicho na ufa. Wengi walisonya wakaenda zao kwenye bustani ya Arboretum. Lakini wiki iliyopita alitokea bwana harusi mwenye vigae vinne kwenye buti la gari, vyote vya Mangalore, akasema vimetoka katika nyumba ya babu yake Ngara, nami kwa furaha nikamruhusu apige picha hadi chumbani. Kesho yake yule daktari wa madirisha alinipigia simu na kuniuliza, kwa sauti nisiyoipenda, kama ninamjua mtu aliyeingia usiku katika ubomoaji wa Parklands. Nilimjibu kwamba simsikii vizuri kwa sababu ya mvua, ingawa jua lilikuwa likiwaka.