Acheni kumrekodi, mpelekeni hospitali

Juzi kwenye grupu la mtaa wetu hapa Moshi mtu karusha video ya baba mmoja anafoka nje ya geti lake, anasema yule mama aliyeko ndani sio mke wake, ni mwanamke mwingine kafanana naye tu. Watu wamejaza vicheko mpaka usiku, wengine wanasema karogwa. Imeniuma mno.

Jamani huo ni ugonjwa na unajulikana siku nyingi. Daktari Mfaransa Joseph Capgras aliuandika mwaka 1923, habari za mama wa Paris aliyeamini mume na watoto wake wamebadilishwa. Wataalamu wengi wanaeleza hivi, macho yanaitambua sura vizuri ila ule moyo wa kumjua mtu wako hauji, basi akili inatafuta sababu, inapata hiyo: huyu ni mwingine.

Sasa majirani wanamletea picha za harusi, cheti cha ndoa, wanabishana naye nusu saa nzima! Imani ya namna hiyo haivunjwi na ushahidi, ukimbana sana na wewe unaingia kwenye kundi la maadui. Msimkubalie, lakini msimbishie pia. Mwambie, kaka naona una hofu, pole, usingizi unapata? umekula? Hofu yake ni ya kweli kabisa hata kama anachokiamini sio kweli, na kwa sababu ya hofu hiyo ndio anaweza kukubali kwenda kupimwa.

Na apimwe mwili pia, maana malaria kali inachanganya akili, kifafa hivyo hivyo, na mnywaji wa gongo akiacha ghafla. Kwa mzee inaweza kuwa ubongo unachakaa. Ikiwa ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, dawa zipo, haloperidoli, risperidoni, wengine sindano ya mwezi, na wengi wanapata nafuu. Hospitali ya KCMC ipo hapa hapa.

Kweli wapo wanaomshambulia huyo wanayemwona mgeni, hilo nakubali, kwa hiyo mama asiachwe peke yake naye ndani. Maombi nayo sawa, mchungaji aje, ila akisema dawa ziachwe hapo simwelewi hata kidogo.

Aliyerusha ile video aifute leo. Ndugu zake wakikwama usafiri waniambie, mafuta natoa.