Mvuke ni ule ule, mbona wetu tunauachia tu?

Jamani juzi nimepita Svartsengi, kituo cha umeme wa joto la ardhi huku Iceland, mabomba ya mvuke yametanda juu ya mawe meusi ya volkano, harufu ya mayai viza kila mahali, nikasema hii si Olkaria yetu ya Kenya tupu! Ila hawa waliiangalia ile gesi ya ukaa inayotoka ardhini pamoja na mvuke wakaona ni mali, wakajenga kiwanda palepale, kikaanza kazi 2012, wakakipa jina la George Olah, mkemia aliyepata Nobel 1994. Baadaye kikapanuliwa hadi uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka za methanoli, aina ya alkoholi inayowaka kama mafuta. Njia yao ni kupasua maji kwa umeme wapate haidrojeni, kisha kuichanganya na ukaa kwenye presha kubwa na joto la digrii mia mbili na kitu, kuna kichocheo cha shaba na zinki humo ndani, inatoka methanoli na maji. Kitu cha kutia kwenye tangi kabisa!

Najua mtaniambia nimefika majuu nimeanza kudharau kwetu. Nani kadharau? Olkaria inatoa umeme tangu 1981, na mainjinia wetu wa joto la ardhi wengi wamesomea hukuhuku Iceland, wanaijua kazi. Kinachoniuma ni kwamba usiku matumizi ya umeme yakishuka mvuke mwingine unaachiwa uende hewani hivi hivi, halafu petroli na dizeli tunangoja meli ituletee.

Kuna atakayesema ukichoma hiyo methanoli ukaa si unarudi hewani? Unarudi, ndiyo, lakini huo ulikuwa unatoka tu bila faida, sasa umeendesha injini nao na kuna mafuta ya kisimani hukuyagusa. Anayelalamikia umeme ndiye ana hoja nzito, maana kilo moja ya haidrojeni inakula kama uniti 50 za umeme na lita ya methanoli ina nusu tu ya nguvu ya petroli, kwa hiyo kuchukua umeme wa majumbani kwa kazi hii mimi mwenyewe nitapinga. Nasemea umeme wa ule mvuke wa usiku unaoachiwa.

Na msiniambie ni mambo ya nchi ndogo ya baridi, teknolojia hiyo hiyo ilienda Anyang, Uchina, 2022, kiwanda cha tani 110,000 kwa mwaka. Wa Olkaria wapime basi kisima kwa kisima cha mvuke gesi inayotoka ni kiasi gani, watuwekee hesabu mezani tubishane na namba.