Uholanzi tukaige ukaguzi wa mitaro

Nyumbani Tanzania, Uholanzi ikitajwa, watu hukimbilia Maeslantkering, lango la bahari karibu na Rotterdam lililokamilika 1997: mabawa mawili, kila moja mita 210, hujifunga yenyewe maji yakitabiriwa kupanda mita 3. Linapendeza machoni. Mimi ningewaonyesha mitaro.

Kabla ya baridi kuanza, bodi za maji za hapa Uholanzi, ziko 21, hupita zikikagua mitaro. Mwenye ardhi iliyopakana na mtaro awe ameshakata majani na kuzoa uchafu upande wake. Asipofanya, bodi huifanya kazi hiyo na bili humfuata. Bodi hizi zina uchaguzi wake na kodi yake, haziisubiri wizara iwanunulie koleo.

Sasa njoo Jangwani, Dar es Salaam. Mto Msimbazi unashuka na mchanga kutoka vilima vya Pugu, unautua bondeni penye tambarare. Kina cha mto kinapungua, nafasi chini ya daraja inabana, na masika maji yanapita juu ya barabara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa bonde hilo. Ni mkopo, na ndiyo kero yangu na mikataba ya fedha za tabianchi. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen 2009, nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi maskini dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zikatimia 2022, nyingi zikiwa za kukopeshwa. Kwenye mkutano wa Baku 2024 zikasema bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Aliyechafua hewa anamkopesha aliyefurikiwa!

Ila na sisi tuna letu. Andiko la mradi likifika Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa unaofadhili miradi ya tabianchi, lazima lionyeshe kuwa mafuriko yanachochewa na tabianchi, si chupa zilizoziba kalavati tu. Hapo zinatakiwa rekodi za mvua, na wana hali ya hewa hupiga wastani wao kwa miaka 30. Daftari la kituo likiwa na miezi mitupu, hoja inalegea. Mlango wenyewe tunao: benki yetu ya CRDB ilipewa ithibati na mfuko huo 2019, hivyo inaweza kuupelekea maandiko.

Kisha mradi unakabidhiwa, ufadhili unaisha, mchanga hauishi. Daraja jipya bila kijiko cha kuchota mchanga kila mwaka kabla ya Machi litabanwa kama la zamani. Fungu hilo liwe kwenye bajeti ya manispaa, limefungwa, lisihamishiwe kwingine, na mwenye kiwanja kando ya mtaro apelekewe bili yake.