Sifa za wahakiki hazihesabiwi kura

Wadau mliohojiwa mkitoka sinema Njiro mnasema hii filamu ya binti anayekua imeshabeba Oscar ya filamu bora kwa sababu wahakiki wameimwagia sifa. Taratibu jamani. Boyhood, filamu ya mvulana anayekua iliyopigwa picha kwa miaka 12, ilichukua tuzo za Golden Globe na BAFTA, halafu Oscar za 2015 ikaingia na uteuzi 6 ikatoka na tuzo 1, ya Patricia Arquette aliyecheza mama. Lady Bird, nayo ya binti anayekua, ilipata uteuzi 5, ikatoka mikono mitupu.

Kinachoziangusha ni hesabu. Oscar ya filamu bora haipigiwi tiki moja. Mpiga kura anazipanga kwa namba, iliyoshika mkia inatolewa, karatasi zake zinahamia chaguo linalofuata, hivyo hivyo mpaka moja ivuke nusu. Hapo namba 2 na 3 zina thamani kubwa. Filamu za makuzi wengine wanazipa 1, wengine wanaona "hakuna kinachotokea" (na kweli dakika 20 za katikati za hii zinaburuza), wanazitupa nafasi ya 8.

Moonlight, nayo ya makuzi, ilitoboa 2017 ikabeba filamu bora, ila ilishinda pia tuzo za mswada na mwigizaji msaidizi. Macho yenu yawe kwenye tuzo hizo mbili kwanza.