Kwaresima na sufuria ya mdaiwa

Kila Kwaresima watu wa nyumbani hunikumbusha bahasha ya mchango, nami natoa kwa moyo. Lakini tangu nihamie Ujerumani nimezidi kuamini kwamba mfungo wa jumuiya unapimwa mahali pengine: namna tunavyomtendea mwenzetu aliyeshindwa kurejesha mkopo wa kikundi.

Huku upendo wa Kikristo una ofisi. Kodi ya kanisa hukatwa kwenye mshahara, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato kutegemea jimbo unaloishi. Jumapili ya tano ya Kwaresima Wakatoliki huichangia Misereor, shirika la misaada lililoanzishwa na maaskofu wa hapa mwaka 1958. Utaratibu huu siubezi hata kidogo. Ila jirani niliyekaa naye benchi moja anaweza kuwa anazama kwenye madeni nisijue. Tunapeana mkono wa amani, tunaagana mlangoni, basi.

Kwetu Moshi jambo hilo ni gumu kutokea. Jumuiya ikishamaliza sala na kushirikishana Neno, sanduku la bati la akiba na mikopo ya kikundi linawekwa katikati. Washika funguo watatu, kila mmoja na kufuli lake, wanalifungua mbele ya wote. Anayenunua hisa anagongewa mihuri kwenye kitabu chake, kisha unachangwa mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na msiba. Mama mwenye mtoto aliyelazwa hana haja ya kujieleza sana; waliomsaidia kumpeleka hospitali ndio hao waliokaa naye. Ukilinganisha na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, inayowatesa akina mama mitaani, sanduku lile ni neema tupu.

Lakini tuseme ukweli. Katika vikundi vingi mwanachama akichelewesha rejesho, faini inapanda juu ya faini, na mwishowe wale wale waliosali naye Rozari wanakwenda kwake kubeba godoro na sufuria. Watoto wanatazama. Ijumaa baada ya Jumatano ya Majivu tunasomewa Isaya sura ya 58, pale Mungu anapoukataa mfungo wa watu wanaojitesa mbele zake huku wakiwaonea wenzao. Mimi sioni namna ya kuisikia sura hiyo asubuhi na jioni kubeba sufuria ya mtu.

Hapo Ujerumani imenifundisha kitu. Afisa wa mahakama akija kukamata mali ya mdaiwa, sheria inamkataza kugusa vitu vya lazima kama kitanda na jiko. Caritas, shirika la huduma za jamii la Kanisa Katoliki, wana washauri wa madeni wanaokaa na mtu bila malipo, wakafungua barua zake moja moja na kuzungumza na wanaomdai. Aliyeshindwa kabisa anaweza kufutiwa sehemu kubwa ya madeni yake baada ya miaka 3, akitimiza masharti ya mahakama.

Na Wajerumani nao walianzia kwenye udogo kama wetu. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya Mprotestanti, alianza kwa kuwatafutia watu wake unga na mkate katika njaa ya 1846 na 1847. Mwaka 1864 akaanzisha chama cha mikopo Heddesdorf, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Neuwied, jirani na ninapoishi. Alitaka vyama visizidi ukubwa wa parokia ili wanachama wajuane, na alisema wazi kwamba msingi wake ni upendo kwa jirani.

Basi vikundi vyetu viandike kwenye katiba kwamba vyombo vya nyumbani havikamatwi. Faini zisimame siku zote 40 za Kwaresima. Aliyekwama atembelewe kwanza na wanachama wawili wa kumsikiliza, na kama ana mgonjwa au msiba, mfuko wa jamii umlipie rejesho. Najua nitaambiwa wajanja watatumia mwanya huo. Watu ishirini au thelathini wanaokutana kila wiki wanamfahamu mjanja wao vizuri tu, na huyo wabanane naye.

Sisi tulio nje tuchangie mfuko wa jamii peke yake. Fedha ya kukopeshana ibaki jasho la wanachama, kwa sababu hela iliyotoka Ulaya kila mtu huiona haina mwenyewe, na kurejeshwa kwake huwa shida.