Kundi la Python Mwanza: tuligawe au libaki moja?

Pendekezo lililo mezani kwa wapenzi wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Mwanza ni kulivunja kundi letu la WhatsApp tupate manne: la wanaoanza, la takwimu, la tovuti na la ajira. Walioleta hoja hiyo wamechoka, na nawaelewa. Ukifungua simu jioni unakuta jumbe zimerundikana: nafasi za kazi, stika za pongezi, ubishi kuhusu Django, ile zana ya Python ya kutengenezea tovuti. Katikati yake kuna mwanafunzi wa Nyegezi aliyeuliza tangu asubuhi, na hakuna aliyemjibu.

Historia iko upande wao. Python ilitolewa mwaka 1991, na ilipofika 1994 watumiaji wake tayari walikuwa na uwanja wao, comp.lang.python, kwenye Usenet, mtandao wa zamani wa majadiliano. Baadaye matangazo yalipewa mahali pake, wanaoanza wakapata orodha ya barua pepe iliyoitwa Tutor, na mada kama hifadhidata na picha zikaundiwa vikundi maalumu, vilivyojulikana kama SIG. Mgeni alijua abishe hodi wapi.

Lakini wale walikuwa na dunia nzima ya kujaza vyumba hivyo. Sisi, wanaojibu kwa dhati ni wachache, ni walewale kila siku, na wengi hujibu usiku baada ya kazi. Makundi manne hayataleta wajibuji wapya, yatawatawanya hawa tulio nao. Kundi la wanaoanza litabaki na wanaoanza watupu, wakielekezana kwa mafunzo ya zamani ya Python 2, toleo lililoacha kuhudumiwa tangu Januari 1, 2020. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko kelele.

Kuna faida nyingine ya kukaa pamoja ambayo haisemwi sana. Chukua mtu anayekusanya bei za dagaa kutoka mwalo wa Kirumba. Kwenye faili lake bei imeandikwa "12,000", na int(), amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, inaikataa kwa sababu ya ule mkato. Wa takwimu anaweza kuhangaika nayo hadi usiku, ilhali mtengeneza tovuti, ambaye kila siku anapokea fomu zilizojazwa ovyo, anamwambia auondoe mkato kwanza kwa replace(), amri ya kubadilisha herufi. Wakitengana, hawa wawili hawatakutana.

Kwa maoni yangu tatizo letu kubwa ni jinsi tunavyouliza. Mtu anapiga picha skrini ya laptopu kwa simu, pembeni mwanga unang'aa, na mstari wa mwisho wa hitilafu, ule unaosema kosa ni nini hasa, umekatwa. Msaidizi hawezi kunakili chochote, wala hajui kama nafasi za mwanzo wa mistari ni za kitufe cha Tab au cha spesi, na katika Python hilo ni jambo zito. Hata kundi la watu kumi litashindwa na swali la namna hiyo.

Wapo wanaosema tuhamie Telegram, ambako kundi moja linagawika kwa mada na mgeni anaweza kusoma ya nyuma. Ni hoja nzuri, kwa sababu WhatsApp aliyejiunga leo hapati mjadala wa mwaka jana, na swali lilelile linarudi kila muhula. Ila kuna wenzetu wanaoishi kwa bando dogo la WhatsApp pekee. Tukihama, wa kwanza kupotea ni yule mwanafunzi tunayesema tunamtetea.

Ningependa matangazo na ajira zitengwe, maswali yote yabaki pamoja, na kila swali lililotatuliwa liandikwe kwa maneno, pamoja na msimbo wake, kwenye faili moja jepesi atakalotumiwa kila mgeni. Kundi la mada lisifunguliwe bila mratibu, lengo na muda wa kuishi, kama SIG zilivyopangiwa. Watu wa takwimu ndio wenye hamu zaidi, basi waanze wao kwa miezi mitatu. Muda ukiisha watuonyeshe maswali mangapi yamejibiwa, na kama hawana mratibu wa kuendelea, warudi kundi kubwa.