Programu Muiharibu Nyinyi, Lawama Apewe Senge, Shangazi Yangu

Kuna mtu, simtaji kwa sababu ni ndugu na mamake yuko kwa hiyo grupu, ameandika kwenye WhatsApp ya kamati ya harusi ati "busaa iliharibika, tuliaibika mbele ya wakwe, siku ingine tununue kreti za bia tumalizane." Na watu wakamuwekea madole gumba. Watu wazima. Wengine wao nimewaona kwa macho yangu wakigombania mrija. Nkt.

Busaa, ile pombe yetu ya mahindi na wimbi aliyoipika senge, haikuharibika yenyewe. Iliharibiwa, na walioiharibu nawajua, walikuwa wamevaa suti rangi moja na kitambaa mfukoni, na mmoja alikuwa ameshika maikrofoni.

Nyinyi mnaona ndoo na mrija tu, mwadhani hii kitu inachotwa mahali. Wimbi lilinunuliwa soko la Kongowea wiki nzima na zaidi kabla ya harusi. Likalowekwa, likafunikwa na gunia bichi mpaka likachipua likawa kimea, alafu likaanikwa, na kuanika kitu Mombasa na huu unyevu wa baharini si mchezo, wingu likikaa tu kimea kinaota ukungu unakitupa chote, kwa hivo senge yangu alikuwa anakitoa nje jua likichomoza anakirudisha ndani likizama, na katikati ya mchana atoke tena akigeuze, na kuku wa jirani wafukuzwe. Kikakauka, kikapelekwa mashine ya kusaga, mwenye mashine akanuna kwa sababu ati harufu inabaki kwa unga wa wateja wake. Akaongezwa hela, uso ukafunguka.

Jumatatu ya wiki ya harusi unga wa mahindi ukakandwa na maji, ukafunikwa uchachuke. Jumatano ndio ikawa kazi yenyewe sasa. Ule unga uliochachuka lazima ukaangwe, na ukikaanga wa pipa zima hutumii kikaango, unatandika bati juu ya mawe, kuni chini, unamwaga kidogo kidogo unageuza na sepetu. Huko bara watu wanakaanga na sweta mwilini. Hapa Mikindani, nyuma ya nyumba, bati la moto mbele na jua mgongoni, wamama wamefunga leso kiunoni wanapokezana ile sepetu, moshi umeziba uwanja hadi jirani kaanua nguo zake. Senge akawa anachukua kijipande, anapuliza, anatafuna, anatema. "Bado." Wanageuza tena. Anatafuna tena. "Bado." Rangi kwake haitoshi, anataka asikie punje inavyovunjika kwa jino, maana ikiwa mbichi katikati pombe inakuwa uji, ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa.

Alhamisi alfajiri ndio ikachanganywa, ule unga wa kukaanga, kimea na maji, ndani ya mapipa ya buluu. Na maji pia ni hadithi yake. Ya kisima cha huku kwetu yana chumvi, ukipikia chai unajua, sasa fikiria ukipikia pombe. Bomba nalo linakuja likipenda. Kwa hivo ni mitungi ya lita ishirini, mkokoteni baada ya mkokoteni, na senge anaonja kila mkokoteni kabla hajalipa, kuna kijana alirudishwa na maji yake akaapa ni ya Mzima, ile chemchemi ya maji ya bomba, na senge akamwambia hiyo Mzima yako imepitia baharini.

Sasa sikilizeni hapa maana ndipo penye maneno yangu yote. Kimea ndicho kinageuza wanga uwe sukari. Hamira iko humo humo kwenye kimea, haitoki dukani, na inakula ile sukari inatoa kileo na gesi. Wale wadudu wa kuchachusha nao wamo, hawajaenda popote, kazi yao inaendelea. Hakuna mtu anaweza kuwaambia wasimame kwanza bibi harusi bado anapakwa poda. Bara usiku wa baridi pipa laweza kukaa siku tatu, hata nne. Mombasa joto linafika nyuzi 30 na usiku halishuki sana, siku mbili pombe imeiva, na kutoka kuiva hadi kuchacha ni masaa.

Ijumaa usiku senge aliweka sikio kwenye pipa, akafunga macho, akakaa hivo kitambo. Alafu akatuambia: kesho saa nane ichujwe, watu waanze kunywa, na isipite saa kumi na moja kabla haijaisha. Hakuna mtu alipima chochote na kifaa. Mimi kesho yake saa nane nilionja ile ya kwanza kuchujwa na nawaambia ilikuwa nzuri, ina ule utamu wa mbali wa kukaanga, ukali unakuja nyuma taratibu, ulimi unawashwa kidogo. Wazee walikuwa wameshafika, wako kwenye tenti, wameshika soda za moto.

Wamepewa? Thubutu! Kamati ikasema hapana. Mpaka maharusi waingie. Maharusi wako wapi? Mama Ngina, kule ufukweni, wanapigwa picha. Na baharini, na chini ya mbuyu, na wakiruka juu wote pamoja na wasimamizi wao, na mpiga picha hajaridhika na jua, anangojea lile jua la jioni. Saa kumi, hakuna maharusi. Saa kumi na mbili ndio wakaingia, wakacheza mlangoni nusu saa. Alafu maombi. Alafu hotuba ya upande huu, hotuba ya upande ule, hotuba ya mwajiri (mwajiri!), keki ikakatwa, keki ikalishwa, bibi harusi akampigia magoti mama mkwe na kipande, na muda wote huo mapipa yako hatua chache tu nyuma ya tenti, nimewaambia hawa wadudu hawajui programu. Saa mbili usiku emsii ndio anatangaza kwa madoido, "na sasa kinywaji cha asili!" Kilikuwa cha asili saa nane bwana. Saa mbili usiku kilikuwa kinaelekea kuwa siki.

Na bado mtu anaandika iliharibika.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwezi kabla ya harusi, kwenye grupu hiyo hiyo, kuna aliyetuma video ya mzungu mmoja anapika bia nyumbani kwake kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, ana shayiri, ana hopsi (yale maua machungu ya kutilia bia), ana kipimajoto, anapika lita kama ishirini hivi kila awamu, na comments zilikuwa za kumsifu, ubunifu, mapenzi ya kweli, sijui nini. Senge anapika mapipa kwa mpigo mmoja, bila kipimajoto, na mawe matatu, hiyo inaitwa "ile pombe ya nyuma." Sawa, yule mzungu simchukii. Na ukimwangalia vizuri utaona mbona yeye aliweza kuanza wiki kadhaa mapema: bia yake ina hopsi zinazozuia kuchacha, ameifungia hewa isiingie, na ameiweka kwa baridi. Ile inangoja. Busaa haina hopsi, inakunywewa ikiwa hai na machicha yake hayajatulia, na wala hatukuwa na friji la kuingia pipa. Ukiifunga kabisa iache kupumua mfuniko utaupata kwa jirani. Kwa hivo ukikubali busaa kwenye harusi umekubali na saa yake, huwezi kuchukua moja uache ingine.

Tena mtu mmoja tu katika ile shughuli nzima alielewa, na hata hakuwa wa upande wetu. Bwana harusi kwao ni Kaloleni, huko Kilifi. Mjomba wake ndiye alisimamia mnazi, lile tembo la kugemwa, na siku ya kupanga, wengine wakibishana rangi ya mapazia, yeye aliuliza swali moja, "watu watakunywa saa ngapi?" Wakamwambia wee mzee tulia hiyo ni kazi ya emsii. Akatulia kweli. Mtu anayejua mnazi anajua mgema anapanda alfajiri na jioni, mti mmoja wakupa lita moja au mbili kwa siku ukijaliwa, kwa hivo kujaza mitungi ya harusi ni minazi mingi na wagema kadhaa, na ule wa alfajiri ni mtamu asubuhi, mchana una ukali wake, kesho yake weka kwa kachumbari. Sasa yeye alipanga mizigo miwili, wa asubuhi na wa jioni. Na wanywaji wa ule wa asubuhi hawakumngoja mtu, saa saba walikuwa chini ya mwembe na mboko, vile vibuyu vya kunywea, na mirija yao, wanapiga soga, emsii anawaangalia kwa jicho baya nao hawana habari naye. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mimi nimemsifu yule mzee mpaka leo na ule mnazi haukuwa na tone la maji.

Haya, najua mtakayosema. Kirinyaga, Februari 2024, watu walikufa kwa pombe haramu. Ndio, na inauma, lakini ule ulikuwa mchezo wa spiriti na sumu kama methanoli, busaa haijapitishwa kwa moto na mrija wa chang'aa, ni uji uliochacha, kileo chake mara nyingi hakifiki hata cha bia ya chupa. Ogopa maji machafu na pipa lililokuwa la kemikali, hapo niko na wewe, na ndio maana senge mapipa yake hayaazimwi na mtu.

Sheria nayo sina nguvu nayo. Ile ya 2010 ya kudhibiti vileo ilizitoa pombe za kienyeji kwenye marufuku ikazitaka leseni, na inaongea chupa na lebo, aliyeiandika hakuwa anamfikiria mama mwenye mawe matatu. Kaombeni ruhusa mapema, mimi sisemi msiombe.

Majirani Waislamu ni haki yao pombe isiwe mbele ya uso wao, na ile ya kuiweka nyuma ya tenti nilikubali kwa sababu hiyo, si kwa sababu ni aibu.

Na kreti, haya, kreti ni rahisi. Unahesabu, unaweka barafu, zilizobaki unarudisha. Nakubali shingo upande. Lakini hakuna mzee wa kwetu atakayekaa kuzunguka kreti na mrija mmoja mrefu aanze kutoa majina ya mababu.

Alafu pesa. Nimeona bajeti, iko pale pale kwenye grupu. Keki ina laini yake, na gari la keki lina laini yake, gari lenye eisii, keki isiyeyuke. Umeona? Keki iliwekewa gari la baridi kwa sababu kamati ilijua keki haiwezi kungoja kwenye joto! Kwa hivo akili ya kuelewa hiyo kitu mnayo. Kuni hazina laini. Maji hayana laini. Wimbi liliandikwa "vinginevyo" na pesa haikutosha, senge akaongezea kutoka kwa chama chake, na hakumwambia mtu, nimejua kwa mwenye mkokoteni.

Harusi ya Desemba kamati imeshaundwa na Desemba joto lake mnalijua. Senge bado hajaombwa na mimi nimemwambia akiombwa asikubali kabla hajaona programu imeandikwa saa nane KINYWAJI, maharusi wawepo wasiwepo. Mchango wangu mimi natoa kuni na wimbi, mkononi mwake, haupiti kwa mweka hazina. Wa kreti wachange kreti.